Ndege wa Tunduni: Mapenzi, Milki na Utu katika Ushairi Wetu

Utamaduni wa taifa hauonekani katika ngoma na mavazi peke yake. Huonekana zaidi katika namna watu wake wanavyotendeana siku baada ya siku, na namna hiyo haina pa kujificha katika lugha, kwa kuwa mtu husema kama aonavyo. Na katika lugha, hapana mahali panapofunua siri za moyo kuliko ushairi. Ndiyo maana jamii yetu imempa malenga heshima ya mwalimu. Lakini mwalimu naye hukosea, na kosa la mwalimu hurithiwa na darasa zima.

Katika makala haya twataka kuuliza swali moja. Je, shairi linalomsifu mpenzi kwa kumfananisha na kitu kizuri kinachomilikiwa humheshimu mtu huyo, au humwondolea utu wake? Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya haja kubwa za taifa. Hata hivyo nyumba ndiyo taifa la kwanza analoliona mtoto, na kama katika nyumba hiyo mmoja ni mtu na mwenzake ni mali, hotuba zetu za usawa zitakuwa sawasawa na maji yamwagwayo juu ya jiwe.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe kabla ya kuyatafuta ya wengine. Mwaka 1999, tulipokuwa vijana katika utumishi wa serikali na wageni katika utunzi, tulialikwa kutunga shairi la arusi ya mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa. Tulitunga beti saba, tukamfananisha bibi arusi na ndege azizi, na mumewe na mfugaji mwenye huruma. Huu ndio ubeti wa tatu:

Ndege wangu wa tunduni, usithubutu kuruka
Maji yamo kikombeni, na mtama nimeweka
Mwewe wengi wa angani, wakikuona hudaka
Ufunguo mkononi, salama umefungika.

Shairi lilipendwa sana. Vina vilikuwa vimetimia na mizani haikupungua. Wazee waliitikia kwa vichwa, akina mama wakapiga vigelegele, na bwana arusi akaomba nakala. Baadaye aliipeleka kwa fundi, ikatiwa katika fremu ya kioo, ikatundikwa sebuleni juu ya redio. Kila tulipokwenda kuwaamkia tuliiona pale, nasi tukajisikia fahari.

Mwaka wa sita mpwa wetu alirudi kwao na watoto wawili na mfuko mmoja wa nguo. Hakuwa na jeraha mwilini. Mumewe hakuwahi kumpiga, na jambo hilo lilitajwa katika kikao cha ukoo kama kwamba ni wema mkubwa. Lakini ilibainika kwamba mtaji wa biashara yake ya vitenge ulichukuliwa mwaka wa kwanza, "usimsumbue." Mwaka wa pili alikatazwa kwenda kumtazama mama yake bila ya kusindikizwa. Mwaka wa nne lango la ua lilitiwa kufuli asubuhi mume alipokwenda kazini, na ufunguo akaenda nao. Alipoulizwa na wazee, yule bwana alijibu kwa adabu kabisa kwamba hakufanya lolote ambalo halikusomwa hadharani siku ya arusi, tena na mjomba wa mke mwenyewe. Na kwamba shairi lipo ukutani, anayetaka na akalisome.

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jitihada ya kulitafuta.

Mamlaka yasiyotajwa

Tuutazame tena ubeti ule, safari hii kwa jicho la mkaguzi. Jambo la kwanza ni mamlaka. Katika mstari wa mwisho tumeandika kwamba ufunguo u mkononi, wala hatukusema mkono wa nani. Katika arusi ile palikuwa na watu wengi, na hapana hata mmoja aliyeuliza. Kila mtu alijua. Hivyo ndivyo mamlaka yanavyokuwa yakishakomaa: hayahitaji kujitaja. Mtawala mpya hupiga mbiu ya mgambo kila asubuhi ili ajulikane, lakini mtawala aliyezoeleka hukaa kimya na watu wakatii. Shairi letu halikumpa yule bwana mamlaka mapya. Lilifanya jambo la hatari zaidi, nalo ni kuyafanya mamlaka yake yaonekane kuwa ni sehemu ya maumbile, kama mtu kuwa na mkono.

Tazama pia vitenzi. Maji yamo, yaani yana mahali pake. Mtama umewekwa, na aliyeuweka amesema "nimeweka." Mwewe huona na hudaka. Na ndege je? Ndege ana vitenzi viwili tu: kimoja amekatazwa, na kingine ametendwa. Amekatazwa kuruka, naye amefungika. Katika mistari minne iliyotungwa kwa ajili yake, yeye peke yake ndiye asiyetenda lolote. Hata mwewe, ambao ni adui, wamepewa uhai kuliko yeye.

Ulinzi na kifungo

Jambo la pili ni udhibiti unaovaa nguo za ulinzi. Hapana anayekana kwamba dunia ina mwewe, na kwamba mtu ampendaye mwenzake humhofia. Lakini mlinzi na bwana jela, ijapokuwa wote wawili husimama mlangoni, hawafanyi kazi moja. Mlinzi huutazama upande wa nje, ambako adui aweza kutokea. Bwana jela huutazama upande wa ndani, kwa kuwa kwake yeye adui ni yule anayelindwa. Atakaye kujua kama ni mke anayelindwa au ni mfungwa, na aulize swali jepesi: akitaka kutoka, nani atamzuia, mwewe au mfugaji?

Tena kifungo cha namna hii hakijengwi kwa siku moja. Huanza kwa jambo linalofanana na huruma: usichoke, nitakushikia fedha zako. Kisha huja jambo linalofanana na wivu, na wivu husemwa kuwa ni dalili ya pendo. Kisha rafiki huonekana wabaya, ndugu huonekana wachonganishi, na mama mzazi huonekana kuwa ndiye anayemharibu mwanawe. Kufuli hutiwa mwisho kabisa, wakati ambapo pengine halihitajiwi tena, kwa sababu ndege amekwisha kusahau njia. Watu wa nje hushangaa wakiuliza kwa nini hakuondoka mapema. Hawajui kwamba kila ufito wa tundu lile, ulipokuwa ukisimamishwa, uliitwa kwa jina zuri.

Mtu katika leja

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kumgeuza mtu kuwa kitu. Sisi tuliofanya kazi katika ofisi za serikali twaijua bohari na twaijua leja yake. Kila kitu kilichomo huandikwa: jina lake, idadi yake, hali yake, na sahihi ya aliyekabidhiwa. Kiti hakiulizwi kama kinapenda kupelekwa chumba kingine. Kikivunjika huandikwa kimevunjika, kikafutwa.

Sasa tuyachukue mashairi mengi ya mapenzi, yakiwamo ya kwetu, tuyasome kama leja. Macho mawili, hali nzuri sana. Meno, meupe, yamepangika. Shingo, ya upanga. Kiuno, chembamba. Desturi ya kumsifu mwanamke kiungo baada ya kiungo ni ya kale. Imo katika Utumbuizo wa Mwana Manga, unaohusishwa na Fumo Liyongo, na kwa ustadi wa lugha hapana wa kuubeza. Lakini mrithi wa desturi hana budi kuuliza: baada ya kuorodhesha viungo vyote, mtu mwenyewe amebaki wapi? Mbona hatuambiwi alisema nini, alicheka nini, alikataa nini?

Lugha yetu ina mizani nyingine, mbali na ile ya kuhesabu silabi, inayoweza kutupimia jambo hili. Kiswahili humpa mtu ngeli yake: mtu anakuja, watu wanakuja. Tumwitapo mpenzi "ua langu," mara sarufi inabadilika: ua limechanua, ua limenyauka, ua litachumwa. Tumwitapo "lulu yangu," lulu imefichwa, lulu imepotea. Kile kiambishi kidogo cha mtu kimeondoka. Hatusemi kwamba sarufi ni dhambi, kwani ndiyo kanuni ya lugha. Twasema tu kwamba malenga na ajue afanyalo. Kila anapomwita mtu kwa jina la kitu, amemhamisha kutoka katika ngeli yake. Naye, kama mwenyeji mwema aliyemchukua mgeni matembezini, ana wajibu wa kumrudisha salama kabla ya shairi kwisha.

Mifano ya wakubwa wetu

Hapa pana hoja tusiyoweza kuipita. Mtu aweza kusema: kama ni hivyo, basi tuzichome sitiari zote, na ushairi ubaki taarifa ya mkutano. La. Kosa halimo katika ua. Tumkumbuke Shaaban Robert, aliyemlilia mkewe Amina katika shairi linalojulikana na kila aliyepita shuleni. Yeye naye alimfananisha mkewe na ua. Lakini alimwita kwa jina lake. Alisema naye kama mtu asemavyo na mwenzake, akamwombea kwa Mola, wala hakudai kumrudisha mkononi mwake. Katika shairi lile ua ni mfano wa maisha yaliyofunga, si mfano wa mali iliyopotea. Sitiari ni ile ile, na maadili ni mbalimbali: mshairi mmoja humtazama mpenzi kwa kupitia ua, na mwingine huliona ua akamsahau mpenzi.

Yafaa pia tumtaje Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wosia uliodumu hata leo. Ndani yake alimfundisha bintiye kumtii mume, kumridhisha, na kutotoka bila ya idhini yake. Wapo wasomaji wa leo wanaouona utendi ule kuwa ni mnyororo, na wapo wanaouona kuwa ni dira. Sisi twaona kwamba si haki kumhukumu mama yule kwa sheria za zama zetu. Alimpa mwanawe silaha zilizopatikana katika zama zake, na mama anayekufa hamwachii mtoto falsafa, humwachia njia ya kuishi. Tena mna jambo la kutafakari: katika utendi ule mume anafananishwa na mtoto mdogo asiyejua kusema, ambaye hana budi kutunzwa. Mama mwerevu yule alijua kwamba anayetumikiwa sana huwa mtegemezi. Lakini hata hapo, mmoja amefanywa mtoto na mwenzake mtumishi. Hapana watu wazima wawili wanaotazamana. Na binti aliyeusiwa hatumsikii. Jibu lake halimo.

Naye Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, alithubutu kuimba juu ya mwisho wa njia hii. Katika wimbo wake wa Kijiti alieleza habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa na mwanamume aliyetoka naye, na mwuaji akakimbia. Sauti ya mwanamke ilikwenda katika sahani za santuri ikatangaza kwamba aliyekufa alikuwa mtu. Shaaban Robert aliona wasifu wa mwimbaji huyo wastahili kuandikwa kitabu. Basi isisemwe kwamba kumtetea mwanamke katika tungo ni jambo la kigeni lililotujia juzi.

Sheria na desturi

Taifa letu halikunyamaza katika jambo hili. Mwalimu Nyerere, katika maelezo yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, aliisifu jamii yetu ya jadi kwa mengi, lakini hakuficha kwamba ilikuwa na kasoro katika hali ya mwanamke, aliyefanya kazi kupita fungu lake na kuheshimiwa chini ya haki yake. Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari. Inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Nayo inatamka wazi kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa kwa kumwadhibu, hata kama desturi yasema vingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa.

Hayo ni makubwa. Lakini sheria hukaa katika kabati la ofisi, na shairi hukaa ukutani, sebuleni, juu ya redio. Yule bwana aliyemfungia mpwa wetu hakuisoma Sheria ya Ndoa hata siku moja; shairi letu alilijua kwa moyo. Mwenye kudhani kwamba ushairi ni pambo tu na apime jambo hilo.

Wapo watakaotuambia kwamba mahari ilitolewa. Twajibu kwamba mahari ni heshima na ushahidi wa agano. Si bei, wala haina stakabadhi ya kununulia. Wengine watasema kwamba nyumba haiwi na vichwa viwili. Huenda, lakini hata chombo chenye nahodha mmoja, mabaharia wake hawafungwi kamba ili chombo kifike. Na wengine watauliza: mbona wanawake wenyewe huyapenda mashairi haya, wakapiga vigelegele? Hakika walipiga. Mtu mwenye njaa ya kusifiwa hachagui sahani. Na mwanamume naye hupungukiwa katika mambo haya, kwa sababu aliyejizungushia vitu hana wa kuzungumza naye. Mfugaji wa ndege, akishafunga tundu, hubaki peke yake chumbani.

Kauli ya kutendana

Dawa twaiona imo ndani ya lugha yetu na ndani ya jadi yetu ya utunzi. Katika lugha, desturi imetufundisha kusema kwamba mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa: mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo. Kina kauli ya kutendana. Watu huoana, hupendana, husikilizana, huheshimiana, na hata hukosana kisha wakasameheana. Kauli hii haiwezekani kwa mtu na kitu. Hatusemi kwamba mtu na kiti wanapendana. Basi kipimo chetu na kiwe hiki: kila neno tunalolitumia kumsifu mpenzi, tulitie katika kauli ya kutendana tuone kama litasimama. Kulinda kukawa kulindana, hapo ni ndoa. Kumiliki hakukubali kuwa kumilikiana ila kwa wazimu.

Katika utunzi, jadi yetu ni ya kujibizana. Shairi la Kiswahili tangu zamani halikuwa neno la mwisho. Malenga mmoja alitupa fumbo, mwenzake akalifumbua. Mmoja alidai, mwingine akakanusha kwa bahari na vina vile vile. Kurasa za magazeti yetu zimeona malumbano mengi ya namna hiyo. Marehemu Mathias Mnyampala akatujengea ngonjera, ambamo pande mbili husimama jukwaani na kila mmoja hupewa zamu. Si ajabu kwamba katika sanaa hiyo yote, ni shairi la mapenzi tu tulilolizoea kuwa la mtu mmoja? Tunambishia malenga mwenzetu juu ya kina kimoja kwa muda wa miezi, lakini yule tunayesema kwamba twampenda kuliko wote hatumngojei ajibu.

Hayo hatukuyagundua wenyewe. Mpwa wetu alipokuwa amekaa kwao kiasi cha mwezi, tulikwenda kumtazama, nasi tukamwomba radhi. Alitupokea kwa shikamoo yake ile ile ya siku zote, akatuletea maji ya kunywa, akakaa. Kisha akasema kwa utulivu:

"Mjomba, nimelisoma shairi lako kila siku kwa miaka sita. Beti ni saba. Mwewe wamepata mbili, tundu limepata moja, na mtama nao umetajwa. Ndege hukumpa hata kituo."

Tulirudi nyumbani na neno hilo, likakaa nasi kama mwiba. Baada ya siku nyingi tuliandika ubeti wa nane, tukampelekea yeye kwanza aukubali au aukatae, kwa kuwa sauti iliyomo ni yake. Alibadili neno moja, nasi twauleta hapa kama alivyouacha:

Nami nina langu neno, nipe zamu ya kusema
Nilipokupa mkono, sikuiuza heshima
Penye kweli mapatano, kufuli halina dhima
Pendo ni majibizano, si hukumu ya lazima.

Siku hizi mpwa wetu anauza vitenge tena, na ufunguo wa duka lake anautia mwenyewe kiunoni. Ile fremu ya kioo ilibaki katika nyumba ile; hatujui kama bado i ukutani. Laiti tungeweza, tungeiomba, si kwa ajili ya kuivunja, bali tupate kuongeza ubeti ule wa nane chini ya ile saba.

Kwa malenga wenzetu, na hasa kwa vijana wanaoingia katika utunzi leo, twaacha ombi hili. Msiogope kusifu, kwani uzuri ni neema na kuusifu ni shukrani. Fananisheni na maua na ndege na nyota kama walivyofanya waliotutangulia. Lakini kabla ya kuliweka shairi chini, mtafuteni yule mnayemsifu ndani yake. Mkimkuta yumo, anatenda, anasema, aweza hata kukataa, basi litoeni hadharani. Mkikuta tundu zuri na kimya ndani yake, ongezeni ubeti.